Shokapu ya Mke wa Dole

Fundi Dole hakuwa mtu wa chuki. Alielewana na majirani, aliwabembeleza paka waliolala kwenye siti za baiskeli za watu, na hata mvua ilipomvujia karakanani aliisogezea ndoo bila kunung'unika. Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho kikitajwa mbele yake sura ilimbadilika, nacho ni shokapu. Si shokapu za magari wala za pikipiki, hizo alizikubali. Alichokataa katakata ni shokapu kwenye baiskeli za changarawe, zile nyepesi zenye hendeli iliyojikunja kama pembe za kondoo na matairi mapana kiasi, zinazokwenda vizuri kwenye lami na bado zikathubutu kuingia barabara za kokoto.

"Hebu nikuulize," alimwambia mpimaji ardhi asubuhi moja. Huyu mpimaji alikuwa bwana mrefu, mwembamba, aliyeendesha baiskeli ya namna hiyo kila siku kwenda kupima viwanja vya nje ya mji. "Uma wa mbele ni nini? Ni miguu miwili ya chuma inayoshika gurudumu. Basi. Haina cha kuharibika. Sasa wewe unataka kuiondoa uniwekee miguu yenye springi, yenye mafuta, yenye sili, yenye hewa ndani. Kila baada ya miezi michache uifungue uioshe kama mtoto mchanga."

"Lakini, Fundi, mikono..."

"Ngoja, sijamaliza. Uzito je? Unaibebesha baiskeli kilo nzima puani. Ukifika mlimani ukasimama kukanyaga, inabonyea. Inainuka, inabonyea. Nguvu zako badala ya kwenda kwenye cheni zinakwenda kusalimia ardhi."

"Lakini kwenye mteremko wenye kokoto, Fundi, mikono inatetemeka mpaka siioni. Nikifika kazini nashindwa kushika kalamu."

"Hilo ni tairi. Tairi likijazwa sawasawa, shokapu ya nini? Lete hapa."

Alipiga goti, akaweka dole gumba juu ya tairi, akabonyeza, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akachukua pampu. Dole gumba hilo ndilo lililompa jina. Karakana nzima haikuwa na geji ya kupimia upepo. Kwake geji ilikuwa kifaa cha watu walionyimwa madole. Watu walitoka mitaa ya mbali kuja kubonyezewa matairi yao, na walipokuwa wakiondoka walijiona kama wametoka kwa daktari bingwa. Alipampu, akabonyeza, akapampu tena, akabonyeza.

"Hapo sasa," alisema. "Nenda. Ukirudi na habari za shokapu nitakufukuza."

Mpimaji ardhi alishukuru kwa adabu ya mtu ambaye hajaridhika, akaivuta baiskeli yake kuelekea nje. Mlangoni alimpisha mke wa Dole, aliyekuwa ametoka kazini mapema na kusimama hapo kwa muda, mkoba begani, akisikiliza.

"Na mimi naitaka," mke akasema.

"Unataka nini, mama watoto?"

"Shokapu."

Mpimaji ardhi alishindwa kujizuia. "Fundi," alisema akiwa tayari barabarani, "adui yuko ndani ya nyumba!" Akaondoka anacheka, na tairi lake lilipogusa ukingo wa lami lilidunda.

Dole alidhani ni utani. Mkewe hakucheka.

Mke wa Dole alikuwa fundi pia, na ufundi wake ulitaka mkono mtulivu kuliko wa mumewe. Alitengeneza meno ya bandia kwenye kichumba cha nyuma cha kliniki, kwenye meza yenye taa inayopinda shingo, jiko dogo la spiriti na visu vyembamba vilivyopangwa kwa ukubwa. Alichonga nta jino kwa jino, akipima kila pengo mara tatu, kwa sababu jino likizidi kwa unene wa ukucha tu mwenye nalo hatatafuna, na asipotafuna atarudi, na akirudi atakuwa na hasira na njaa kwa pamoja. Nyumbani alipima hata mchele. Dole alimtania kwa hilo miaka ishirini na sita, na yeye alimtania Dole kwa kutopima chochote.

Watoto wao wawili walikuwa wamekwisha kuondoka, kila mmoja na mji wake na simu zake za haraka haraka. Nyumba ilibaki kimya. Si kimya cha ugomvi, hapana. Walikuwa tu watu wa maneno machache. Yeye alirudi na grisi kwenye kucha, mkewe na vumbi la plasta kwenye nyusi, wakala, na televisheni ikaongea kwa niaba yao.

Ila Jumamosi. Jumamosi asubuhi walitoa baiskeli zao mbili, wakapita nyuma ya matanuru ya matofali, wakashika barabara ya kokoto mpaka kwenye tangi la maji lililo juu ya kilima, na hapo ndimi zao zilifunguka. Sijui ni kwa nini. Pengine ni kwa sababu wawili wanaoendesha sambamba hawatazamani usoni. Kwenye baiskeli mkewe alimsimulia habari za mzee aliyetaka atengenezewe meno yenye pengo, ili watu wasijue kuwa ni ya bandia. Kwenye baiskeli waliamua binti yao asome alichotaka na si walichotaka wao. Na ni kwenye baiskeli Dole alimlilia mama yake aliyefariki, kilomita nne nzima, na mkewe aliendesha kando yake bila kusema neno, akipunguza mwendo kila alipopunguza. Ndiyo maana Jumamosi haikuwa mazoezi. Ndiyo ilikuwa ndoa yao, na Dole alilijua hilo ingawa hangelisema hata kwa kukabwa koo.

Sasa mkewe aliketi kwenye kigoda cha wateja, akafungua mikono yake akaiweka magotini.

"Tukitoka kule inakufa ganzi," alisema. "Zamani ganzi ilidumu saa moja tu. Siku hizi inafika Jumatatu. Juzi nimekata jino la mbele nusu kwa sababu kisu sikukisikia. Nimerudia kazi ya siku mbili."

"Unashika hendeli kwa nguvu mno."

"Sijui nashikaje. Ninachojua ni kwamba mikono hii ndiyo kazi yangu. Nitajaribu shokapu. Isiponisaidia, baiskeli naacha. Wala hatutagombana, nimekwambia tu."

Alilisema kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha. Mkewe alipopiga kelele kulikuwa na nafasi ya kuzungumza. Aliposema taratibu namna hii, alikuwa amekwisha kupima mara tatu.

Jumamosi iliyofuata hawakuendesha. Mke wa Dole alikwenda duka kubwa la baiskeli lililoko upande wa pili wa mji, duka ambalo mumewe hakuwa amelikanyaga tangu lifunguliwe, akarudi na boksi refu. Muuzaji alikuwa amempa siku kumi na nne: isipomfaa airudishe, mradi haijakatwa wala kukwaruzwa. Aliliweka boksi juu ya meza ya kazi ya mumewe, kati ya jiriwa na kopo la grisi.

"Utanifungia?"

"Nitakufungia," Dole akasema.

Jumatatu spana haikuonekana. Jumanne kulikuwa na wateja. Jumatano alisema anaitafakari, na mkewe akauliza kwa heshima zote kama kutafakari huko kunahitaji spana namba ngapi. Ukweli ni kwamba Dole alikuwa amebanwa. Shokapu ikimsaidia mkewe, basi miaka yote hiyo alikuwa akiwapotosha watu kwa sauti kubwa. Isipomsaidia, mkewe ataacha baiskeli, na Jumamosi zitabaki na televisheni. Akakaa analizunguka boksi lile, analisogeza kushoto, analisogeza kulia, analifuta vumbi ambalo halikuwepo.

Alhamisi mkewe alikuja moja kwa moja kutoka kliniki, akalivuta boksi mwenyewe, akalifungua. Hakugusa uma. Alitoa kijitabu cha maelekezo, akavaa miwani, akaanza kusoma kuanzia ukurasa wa kwanza.

Dole alimtazama kwa mshangao. Tangu azaliwe hakuwa amewahi kusoma kijitabu cha maelekezo. Alivitumia kufutia mikono.

"Hapa wanasema," mkewe akaanza, "kabla hujapima kama shokapu inakufaa, hakikisha kwanza matairi yana upepo unaotakiwa. Wameweka jedwali. Tairi la upana wangu, mtu wa kilo zangu, presha thelathini na tano mpaka arobaini. Langu lina ngapi?"

"Lina upepo unaotosha. Nimelibonyeza Jumatatu."

"Unaotosha ni ngapi?"

"Mama watoto, mimi ndiye niliyelijaza."

"Najua ni wewe. Nimeuliza ngapi."

Akavuka barabara mpaka kwa fundi tairi wa magari na kurudi na geji ya shaba, nzito, yenye kioo kilichopasuka pembeni. Akachuchumaa, akaifunga kwenye vali ya gurudumu la mbele la baiskeli yake. Mshale uliruka, ukatulia.

"Sabini na nane."

"Hiyo geji mbovu. Wanaitumia kwa malori."

Mkewe alivuka barabara tena, akarudi na geji nyingine, mpya. Sabini na nane. Akapima baiskeli ya mumewe: themanini na nne. Kulikuwa na gurudumu la akiba la mpimaji ardhi limetundikwa ukutani, limejazwa siku mbili nyuma. Themanini na moja. Kila namba aliiandika kwa chaki kwenye ubao wa mlango, na Dole alisimama kando akizitazama namba zile zinavyoongezeka, mdomo wazi.

Kisha mkewe akatoa upepo kwenye tairi lake, akipima, akitoa, akipima, mpaka geji ikasema thelathini na nane.

"Njoo ubonyeze hapa."

Dole akabonyeza. "Hili halina upepo kabisa. Utaharibu rimu."

"Na lile lako?"

Akabonyeza la kwake. "Hilo ndilo tairi."

Mkewe akabonyeza yote mawili, kwa dole lake jembamba la kuchongea nta. "Lako ni jiwe," alisema. Akavua miwani. Akamtazama mumewe kwa namna ambayo Dole hakuizoea, jinsi anavyowatazama watu waliokaa wakiachama mbele ya taa yake. "Fumba macho. Nipe mkono."

"Ya nini tena?"

"Fumba, baba watoto."

Akafumba. Akasikia mkono wake umeshikwa kiganjani, umegeuzwa. Akasubiri.

"Nimeweka nini kwenye dole lako?"

"Hujaweka kitu."

"Fumbua."

Alifumbua. Mkewe alikuwa ameshika kipande cha spoki kilichokatika, na ncha yake ilikuwa imezama kwenye nyama ya dole gumba mpaka imeacha kishimo. Dole alikiangalia kishimo kile kama kiko kwenye mkono wa jirani. Hakusikia kitu.

"Ngozi ya fundi hiyo," alisema, akacheka. Alicheka peke yake. "Miaka thelathini ya spana, ulitaka iwe laini?"

Mkewe akahamisha ile ncha kwenye kidole kidogo cha mkono uleule, akagusa kidogo tu.

"Aa! Unaniua!"

"Hiki nacho ni cha fundi," mkewe akasema.

Dole aliketi kwenye kigoda cha wateja. Alikumbuka, na alipoanza kukumbuka mambo yakaja mengi. Kuamka alfajiri akiukung'uta mkono kama mwenye kufukuza mchwa. Gololi zinazomponyoka na yeye kuilaumu taa. Kitufe cha shati kinachomshinda, akadai fundi cherehani katoboa tundu dogo. Miaka mitatu? Minne? Dole lilivyopungua kusikia, yeye alikuwa akiongeza upepo ili lisikie kile lilichozoea, leo kidogo, mwezi ujao kidogo, na mji mzima ukawa unaendesha juu ya mawe na kumshukuru. Hata hivyo si mji uliomuuma. Alitazama mikono ya mkewe. Yeye ndiye aliyekuwa akiiumiza, kila Jumamosi asubuhi, kwa mapenzi yote na pampu.

"Nimekuumiza," alisema.

"Hukujua."

"Mimi kazi yangu ni kujua."

Mkewe hakupinga hilo. Alirudisha uma ndani ya boksi, akalifunga, akaenda kurudisha geji za watu.

Jumamosi waliondoka wote wawili na matairi ya thelathini na nane. Dole aliona haya kuyatazama, yalivyobonyea chini kidogo kwa uzito wao kama mikate iliyotoka jikoni. Waliyapita matanuru ya matofali. Barabara ya kokoto ilianza. Baiskeli ambazo zamani ziliruka na kugonga, leo zilipita tu, zikinong'ona.

"Mikono yangu ipo," mkewe akasema. Kisha, kwa sauti ya msichana, "Baba watoto, ipo! Naisikia yote!"

Akaanza kuzungumza, maneno ya wiki mbili yaliyokuwa yamebanana: kliniki imeleta jiko jipya la umeme ambalo halifai, binti yao amekata nywele, yeye mwenyewe anafikiria kufundisha akistaafu. Dole aliitikia kila mahali palipostahili. Alikuwa na furaha, si uongo. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umekwisha kufa tangu kwenye matanuru. Tairi laini lilimsaidia mkewe ambaye mkono wake ulikuwa mzima. Wa kwake ulikuwa umechelewa. Alikaa kimya kuhusu hilo mpaka kwenye tangi, na pale alipoichukua chupa ya maji ikamtoka, ikabingirika chini ya kilima. Akainama kuikimbilia ili asitazamwe, lakini mkewe alikuwa amekwisha kuona.

Jumatatu daktari alimgongagonga kwenye kifundo cha mkono, akaukunja mkono, akamchoma kwa kijiti, akaandika. Mshipa wa fahamu umebanwa, alisema. Ni kazi ya miaka mingi, spana na mitikisiko. Atavaa kibao cha kushikilia mkono akilala. Huenda kusikia kukarudi, huenda kusirudi kote. Kama hakutakuwa na nafuu watazungumza juu ya upasuaji. Kwa sasa mitikisiko apunguze, angalau miezi mitatu.

"Na baiskeli?" Dole akauliza.

"Kwenye lami, taratibu, sawa. Kwenye kokoto hapana." Daktari akafikiri kidogo. Alikuwa kijana mwenye nia njema. "Au uweke kitu cha kupunguza mtikisiko. Si siku hizi kuna baiskeli zenye shokapu?"

Mke wa Dole akakohoa, akageukia dirishani.

"Zipo," Dole akasema, kwa sura ya mtu aliyelamba shubiri.

Wiki hiyo alifanya jambo lililomgharimu usingizi. Alinunua geji, akaitundika mahali pa kuonekana, na juu ya mlango akaweka tangazo aliloliandika kwa rangi ya kupakia fremu: WATEJA WOTE LETENI BAISKELI TUPIME UPEPO UPYA. KOSA NI LANGU. Alitegemea kuchekwa, na alichekwa. Mmoja alimuuliza kama wambadilishie jina. Lakini walikuja, na wa kwanza wao alikuwa mpimaji ardhi. Dole alimshushia upepo mpaka thelathini na nane, akamwambia azunguke mtaa. Alirudi akiwa ameachia mkono mmoja.

"Fundi! Kumbe hii baiskeli ni nzuri!"

"Ilikuwa nzuri siku zote. Mbaya nilikuwa mimi."

"Kwa hiyo shokapu siihitaji tena?"

"Wewe huihitaji," Dole akasema, na mpimaji ardhi, ambaye miaka yote alisikia kwamba hakuna binadamu anayeihitaji, alimtazama kidogo, akaamua kutouliza.

Ijumaa jioni mkewe alisema kwamba kesho ni siku ya kumi na nne, atapitia dukani kurudisha boksi. Dole akaitikia. Alitaka kusema kitu, akameza. Ni miaka thelathini ya maneno aliyokuwa akitakiwa kuyala, na si mlo wa kijiko kimoja.

Jumamosi asubuhi mkewe aliitoa baiskeli yake peke yake. Alilifunga boksi kwenye kibebeo cha nyuma kwa mpira, akapima matairi kwa geji, mbele na nyuma, akavaa kofia ya kuendeshea. Dole alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana, kitambaa mkononi, akifuta spana iliyokuwa safi.

"Unafika mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye tangi. Nikirudi nipite dukani."

"Peke yako."

"Daktari amesema nini?"

"Nilisikia alichosema."

"Basi. Sitakawia." Akapanda, akaweka mguu kwenye pedali.

Dole alimwona jinsi mgongo wake ulivyonyooka, mikono yake imekaa juu ya hendeli bila wasiwasi, mizima, tayari kwenda. Alikuwa ameiombea mikono ile wiki mbili nzima. Na sasa ilikuwa inaondoka nayo ile barabara yote, matanuru, kokoto, kilima, na maneno ya wiki nzima, ambayo yangesemwa kwa nani?

"Mama watoto."

"Ee."

"Mwanzo niliogopa utaacha." Akaiweka spana chini. "Sasa naogopa utaendelea bila mimi."

Mkewe akaushusha mguu. Alikaa hivyo, baiskeli katikati ya miguu, hamtazami.

"Mbona hukusema?"

"Nasema sasa. Boksi hilo usilirudishe. Nifungie mimi. Naomba."

Mkewe akashuka, akaufungua mpira wa kibebeo, akalibeba boksi mpaka juu ya meza. Alipogeuka macho yalikuwa yamelowa na alikuwa anacheka.

"Miaka ishirini na sita," alisema. "Sijawahi kukusikia ukisema hilo neno kwa mtu asiyekuwa daktari wa meno."

Kazi iliwachukua asubuhi yote, kwa sababu mikono iliyoijua ilikuwa haisikii na mikono iliyosikia ilikuwa haijui. Dole alielekeza, mkewe akakaza. Bomba la uma huja refu, na ni lazima likatwe kwa kimo cha fremu. Likishakatwa limekatwa, hakuna duka litakalolipokea. Mkewe alilipima mara tatu, akalitia alama kwa kisu chake cha nta. Akampa mumewe msumeno, akaweka mkono wake juu ya mkono wa Dole ili usiteleze, wakakata pamoja.

Walitoka jua likiwa juu. Walipoingia kwenye kokoto uma ulianza kazi yake, ukipanda na kushuka mbele ya macho ya Dole, ukiyameza yale mawe moja baada ya jingine. Mlimani ulibonyea kila alipokanyaga, vilevile alivyokuwa akiwaambia watu. Vidole vyake vilikuwa bado vimelala, lakini ule moto uliokuwa ukipanda mpaka kiwikoni haukuja.

"Ikoje?" mkewe akauliza, kando yake.

"Nzito," Dole akasema. "Inakula nguvu. Nilisema."

"Ulisema."

"Endelea basi. Hilo jiko la umeme la kliniki, wamelifanyaje?"

Mkewe akapunguza mwendo ili walingane, akaanza kumwambia.